Wapenzi wa Bembea na Jukwaa Wasidharauliwe

Mzozo mdogo uliozuka nyumbani kwa dada yangu, katika Kaunti ya Nyamira, ndio ulionifanya nishike kalamu kuandika makala haya. Binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu wakati huo, alikuwa amekuja nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula akiwa na barua kutoka shuleni. Barua hiyo iliwaomba wazazi watoe fedha kidogo za nauli na kiingilio ili wanafunzi wapelekwe mjini Kisii kutazama Bembea ya Maisha. Shemeji yangu ni mkulima wa majani chai na hana desturi ya kutupa senti ovyo. Aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, kisha akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mwalimu wa chuo kikuu. Hebu niambie. Mwalimu mwenye akili timamu anawezaje kuwatoa watoto darasani akawapeleka kupanda bembea? Mwaka jana nilimlipia huyu bembea katika maonyesho ya kilimo pale Kisii. Mwaka huu tena?"

Tulicheka sote, isipokuwa binti mwenyewe. "Mjomba, tafadhali mweleze baba kwamba ni tamthilia," akanisihi. Nikaeleza. Nikasema kwamba Bembea ya Maisha ni tamthilia iliyoandikwa na Timothy Arege, kwamba ilichukua nafasi ya Kigogo ya Pauline Kea katika orodha ya vitabu teule vya fasihi vinavyotahiniwa katika shule zetu za upili, na kwamba kundi la waigizaji lilikuwa linakuja kuiigiza jukwaani. Shemeji alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo, licha ya shahada zangu zote, sikuweza kulijibu papo hapo: "Kitabu chenyewe si nilimnunulia? Ikiwa hadithi imo kitabuni, mbona nilipe tena aione?"

Msomaji, makala haya ni jibu langu kwa shemeji. Limechelewa, lakini wahenga walinena kuwa kawia ufike.

Nianze kwa kukiri kwamba mzee yule hakukosea sana kama tulivyodhani tulipokuwa tukicheka. Katika lugha yetu ya Kiswahili, bembea ni kile kiti kinachoning'inia ambacho mtoto hukikalia akasukumwa mbele na nyuma. Na siku hizi jina hilo limetanuka likajumuisha pia mitambo inayowazungusha na kuwarusha watu katika viwanja vya maonyesho. Kutokana na kubembea tunapata kubembeza, na kutokana na kubembeza tunapata kubembeleza, yaani kumtuliza mtu kwa maneno matamu au kwa wimbo. Nyimbo ambazo mama humwimbia mwanawe ili alale tunaziita bembelezi, na wako wanaoziita bembea, kwa jina lile lile la chombo. Neno mchezo nalo ni vivyo hivyo: watoto wanaofukuzana uani wamo mchezoni, wachezaji wa kandanda wamo mchezoni, na waigizaji walio jukwaani wamo mchezoni. Aidha, mtu anayefuata mdundo wa ngoma kwa miguu na mabega, twasema anacheza. Ni dhahiri kwamba waliotuachia lugha hii hawakuona ukuta wowote kati ya kupanda bembea, kuimba, kucheza ngoma na kuigiza. Ukuta huo tumeujenga sisi wasomi, kisha tukawaambia watu kwamba upande mmoja kuna sanaa na upande wa pili kuna upuuzi.

Mimi mwenyewe nimekuwa fundi hodari wa kuujenga ukuta huo. Kwa miaka kadhaa niliyatazama kwa dharau makundi yanayozunguka na vitabu teule. Nilidai kwamba wanachofanya si sanaa bali ni masomo ya ziada yaliyovishwa maleba. Nilibadili mawazo siku niliyoandamana na shule ya mpwa wangu kuitazama hiyo Bembea ya Maisha. Nauli ilikuwa imepatikana hatimaye, si kwa baba bali kwa mama, ambaye zamu yake katika chama cha akina mama cha kuzungushiana fedha ilikuwa imefika wiki ile.

Safari ile, kutoka huko juu kwenye mashamba ya chai hadi Kisii, haikuwa ndefu. Lakini mtu aliyezisikia nyimbo zilizoimbwa ndani ya basi lile angedhani tunavuka nchi tatu. Msichana mmoja aliongoza, wengine wakaitikia. Mara wimbo wa kanisani, mara wimbo wa harusi wa Ekegusii, mara wimbo wa redioni. Nilipowauliza waliokuwa karibu nami ni mara ya ngapi wanatoka hivi, walinitajia maonyesho ya kilimo na tamasha za drama kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Mmoja alinieleza kwamba raha ya bembea ni kwamba "unaogopa ukiwa na wenzako." Nikakumbuka kauli hiyo saa mbili baadaye.

Ukumbi wenyewe ulikuwa bwalo la kulia chakula. Viti vilikuwa vya plastiki, pazia lilikuwa shuka mbili zilizounganishwa kwa pini, na moshi wa jikoni ulikuwa unapenya kupitia dirisha la kupakulia. Shule tano au sita zilikuwa zimebanana humo. Aliyesoma tamthilia ile anajua kwamba ni kisa cha Yona na Sara, mume na mke waliokawia kupata mtoto wakasimangwa na jamii, na walipojaliwa watoto wakasimangwa tena kwa kuwa walipata mabinti watupu. Yona, aliyekuwa mwalimu, anazama katika ulevi. Sara anaugua, na binti yao Neema ndiye anayeubeba mzigo wa matibabu ya mama yake.

Mwigizaji wa Yona aliingia akipepesuka. Akasimama katikati ya jukwaa, akatutazama kwa macho mazito, kisha akatusalimu, "Bwakire!" Neno hilo la Ekegusii, ambalo ni salamu ya asubuhi, halimo kitabuni. Mwigizaji hakuwa Mgusii. Bila shaka hubadilisha salamu kila anapovuka mpaka wa kaunti. Lakini bwalo zima liliangua kicheko ambacho nusura kiezue mabati. Kama mwanaisimu ningeweza kueleza kicheko hicho kwa nadharia ya kubadili msimbo, na pengine ningeandika kurasa 20. Kwa kifupi ni hivi: neno moja lilitosha kuwaambia watoto wale kwamba mlevi huyu si wa mbali, ni wa hapa hapa, ni jirani.

Kwa sababu hiyo, mambo yalipogeuka, hakuna aliyeweza kujificha. Maneno ya majirani yaliyomchoma Sara kwa kukosa mtoto wa kiume yalipoanza kutajwa, kicheko kilikatika ghafla. Nilimtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa ameshikana mkono na msichana aliyekaa kando yake, na wote wawili walikuwa wakitazama mbele bila kupepesa. Lazima niseme hapa kwamba dada yangu na shemeji wana mabinti watatu na hawana mtoto wa kiume. Shemeji si mlevi, na hajawahi kumlaumu mkewe mbele yangu. Lakini nimewahi kuketi katika vikao vya ukoo nikasikia yale anayoambiwa, mengine kwa mzaha, mengine bila mzaha. Binti yake naye ameyasikia. Aliisoma tamthilia ile darasani akaandika insha kuhusu maudhui na wahusika, akapata alama nzuri. Lakini siku ile ndipo alipoona mambo ya kwao yakitazamwa na umati wa watoto mia kadhaa walionyamaza kimya, na akatambua kwamba si yeye peke yake.

Hilo, shemeji, ndilo lililolipiwa. Kitabu humsomesha mtu akiwa peke yake. Jukwaa, kama bembea, hukuogofya ukiwa na wenzako, kisha hukurudisha chini salama.

Wala mapenzi haya ya mambo mawili kwa pamoja si ya watoto wa Nyamira tu. Binamu yangu anaishi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako Abagusii wengi wamefanya makao. Anasimulia kwamba watoto wake hawajui kutenganisha sikukuu ya bembea na sikukuu ya jukwaa. Mjini Bloomington, ndani ya duka kubwa liitwalo Mall of America, mna bustani nzima ya bembea na mitambo ya kurusha watu. Na katika mji jirani wa Minneapolis kuna ukumbi wa Orpheum, ambako mnamo Julai 1997 mchezo wa nyimbo uitwao The Lion King ulionyeshwa kwa mara ya kwanza kabla ya kupelekwa New York baadaye mwaka huo huo. Wamarekani wengi hufanya hivyo: leo bembea, kesho jukwaa, na kila mara ni safari ya familia au ya marafiki, yenye maandalizi na nyimbo za njiani. Hakuna anayewaita wavivu.

La kutafakari ni kwamba starehe hiyo yao imejengwa kwa maneno yetu. Simba, Rafiki na Pumbaa ni majina yaliyochotwa kutoka Kiswahili. Kampuni ya Disney iliusajili msemo "hakuna matata" nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara mwaka 2003, jambo lililozusha malalamiko makubwa mwaka 2018. Katika jimbo la Florida, kampuni hiyo hiyo ilifungua bustani ya burudani mwaka 1998 ambayo ndani yake mna mji bandia wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Hilo ni neno letu harambee lililokatwa mkia. Na ndani ya mji huo bandia mna ukumbi ambamo watalii waliotoka kwenye mitambo huketi kutazama nyimbo na ngoma za hao hao akina Simba. Basi bembea na jukwaa vimewekwa pamoja, kwa Kiswahili, huko ng'ambo. Ilhali hapa kwetu, wenye lugha yao wanaigizia kando ya dirisha la kupakulia ugali.

Nisieleweke kwamba namwonea wivu Mmarekani, au kwamba mchezo wa nyimbo ni kitu cha kuagizwa kutoka kwake. Mnamo mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo na ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walimiminika kuutazama hadi serikali ilipoupiga marufuku Novemba mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mchezo huo ulirejea Mei 2022 katika Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi, na sisi walimu tisa kutoka Kisii na Nyamira tukakodi matatu tukasafiri zaidi ya kilomita 300, kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok, ili kwenda kuuona. Tulichagua usiku wa onyesho la Kikuyu, ingawa ni mmoja tu kati yetu aliyekielewa vizuri. Nyimbo zilitutosha. Na kwa kuwa nimeahidi kusema ukweli wote, nitaongeza kwamba mwalimu mmoja wa hisabati, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alisisitiza kwamba asubuhi iliyofuata tupitie kwanza mahali penye bembea kabla ya kurudi nyumbani. Tulipitia. Tulipanda sote.

Najua yako mengi yanayosemwa dhidi ya safari hizi, na mengine yana uzito. Husemwa kwamba ni ghali. Ni kweli, katika nyumba inayosubiri bonasi ya majani chai mara moja kwa mwaka, mia chache za shilingi si kitu kidogo, na mtoto asiyelipa hubaki shuleni akijua kwa nini amebaki. Husemwa kwamba ni hatari. Ni kweli vilevile. Barabara zetu zimetuua vya kutosha, na ndiyo maana Wizara ya Elimu hukataza mabasi ya shule kusafiri usiku. Husemwa pia kwamba makundi mengine ni ya walaghai ambao hukata nusu ya mchezo na kuwahi shule inayofuata. Nimewaona. Lakini zingatia kwamba hoja zote tatu hazipingi jukwaa. Zinapinga umbali wa jukwaa. Watoto wa Nairobi hawahitaji kuhatarisha roho zao ili waone mchezo. Wa kwetu wanahitaji, kwa sababu hatujawajengea pa kuuonea.

Wapo na wanaodai kwamba haya yote ni mchezo tu, hayana maana. Kwao nina jibu fupi. Mnamo Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwa tamasha za kitaifa za drama wakiwa na mchezo wao Echoes of War. Polisi walijazwa mahali pale, vitoa machozi vikarushwa, na wasichana wale wakauimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Serikali haiwatumi polisi kuzuia upuuzi. Wenye mamlaka wanaujua uzito wa jukwaa. Ni sisi wazazi na walimu ambao bado tunahitaji kushawishiwa.

Nakuja sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia darasa la kumi Januari 2026. Katika mtaala huo mpya, sanaa na michezo imepewa mkondo wake, jambo la kupongezwa. Lakini tukumbuke kwamba kilichoyajaza mabasi yetu kwa miaka mingi ni mtihani. Mzazi wa Nyamira hutoa nauli kwa sababu mwalimu amemwambia kwamba mchezo utasaidia alama. Mtihani huo ukiondoka na vitabu vyake, je, basi litaendelea kwenda Kisii? Au mchezo wa kuigiza utakuwa wa wale wachache waliochagua mkondo wa sanaa katika shule zenye vifaa, na wengine wote waambiwe kwamba hauwahusu? Binti aliyeshikana mkono na mwenzake bwaloni siku ile anataka kuwa muuguzi. Katika mpangilio huo mpya, huenda asingekuwamo ndani ya basi.

Ndiyo maana nasema kwamba mapenzi haya yapewe makao yasiyotegemea mtihani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi serikali za kaunti jukumu la utamaduni na burudani ya umma. Katika kifungu hicho kimoja zimetajwa sinema, maktaba, makavazi, michezo na utamaduni, pamoja na bustani na mahali pa starehe. Yaani sheria yetu kuu, kama lugha yetu, imeviweka bembea na utamaduni chini ya paa moja. Kilichobaki ni paa lenyewe. Na hatuwezi kudai kwamba haiwezekani. Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka 2020 ilipoletwa Kisii, Uwanja wa Gusii ulikarabatiwa ukapendeza. Ikiwa tunaweza kutengeneza uwanja kwa ajili ya hotuba za siku moja, twaweza pia kujenga ukumbi wenye jukwaa, taa na viti kwa ajili ya miaka 50.

Pendekezo langu ni la kawaida. Kaunti za Kisii na Nyamira zishirikiane kujenga ukumbi mmoja wa kweli, na karibu nao watoto wawekewe bembea, ili familia inayokuja kwa hili ikute na lile. Ukumbi huo usiwe wa vitabu teule tu. Uwe pia wa michezo ya Ekegusii, na wa obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane, ambalo vijana wengi hulisikia matangani na kwenye rekodi pekee. Shule zipangiwe siku za kuja mchana na kurudi kabla ya giza, na mtoto asiye na kiingilio aingie bure. Wataalamu wa lugha, nami nikiwa wa kwanza, tukome kuketi nyuma tukihesabu makosa ya sarufi ya waigizaji.

Nimalizie nilikoanzia. Jioni ya siku ile ya safari, mpwa wangu aliusimulia mchezo mzima jikoni kwa mama yake na wadogo zake. Hakusimulia, aliigiza. Alikuwa Sara, akawa Neema, akawa Yona anayepepesuka, na aliposema "Bwakire!" wadogo zake walianguka kwa kicheko. Shemeji alikuwa ameketi nje ya mlango akinoa panga. Niliona kwamba kinoo kilikuwa kimesimama muda mrefu.

"Na huyo Yona," akauliza hatimaye, bila kugeuka, "aliishia wapi?"

"Alijuta, baba," binti akamjibu.

Mzee akanyamaza. Kisha akaendelea kunoa panga lake. Baadaye, aliponisindikiza hadi njia panda, aliniuliza kama katika michezo hiyo watu wazima nao huruhusiwa kuingia, au ni ya watoto wa shule peke yao. Nilimwambia kwamba huruhusiwa. Sikumwambia kwamba bwalo lile halikuwa na kiti cha kumkalisha mzee wa heshima zake. Hilo nawaachia wenye kaunti wamjibu.